Gauni Kwenye Kamba ya Memsaab

Kanisani kwetu wazee tumepewa kazi. Kila aliyefikisha miaka sabini na mitano aandike jinsi alivyolelewa, ili wajukuu wasome na wajue kwamba zamani kulikuwa na adabu. Mwenyekiti wetu, mzee anayeishi kwa mwanawe huko mtaa wa Mountain View na ambaye hajawahi kukosa la kusema, alitueleza jambo hilo tukinywa chai. "Sisi ndio tulikuwa watoto," alisema. "Ungepita kwa nyumba iko na watoto sita na usisikie hata mmoja. Siku hizi ni kelele tu." Wenzangu wakatikisa vichwa. Mama mmoja akapangusa macho kwa leso. Nilimtazama nikajiuliza huyu naye analilia nini, kisha nikachukua andazi la pili.

Basi naandika. Nyumba ambayo ungepita usisikie mtoto naijua vizuri, maana mtoto mwenyewe nilikuwa mimi.

Tuliishi Kilimani, Nairobi, katika miaka ya hamsini. Leo huko ni magorofa matupu na vijana wanaoita gari kwa simu ili wapelekwe mahali ambapo wangefika kwa miguu wakipiga miayo. Wakati ule zilikuwa nyumba za mawe za Wazungu, kila moja na uwanja wake wa nyasi na ua wake wa kayaba wenye miiba mirefu. Nyuma ya nyumba, karibu na kuni na choo cha shimo, kulikuwa na chumba kimoja cha mtumishi. Baba alikuwa mpishi. Alitoka kwetu magharibi, na kazi hiyo aliipata kwa sababu mpishi aliyemtangulia, Mkikuyu wa upande wa Kinoo, alichukuliwa na askari asubuhi moja wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakiwasaka Mau Mau, na hakurudi. Koti lake lilikuwa bado kwenye msumari Baba alipopewa chumba. Baba akalivaa. Hilo pia wenzangu waliweke kwenye kitabu chao cha adabu.

Memsaab, yule mama wa Kizungu mwenye nyumba, alikubali mke wa mpishi akae, kwa kuwa mke alijua kufua na kupiga pasi. Watoto hakutaka. "Toto hapana," alimwambia Baba, na Baba akajibu, "Ndiyo, memsaab." Wakati huo mimi na Mama tulikuwa tumekwisha kushuka kwenye gari la moshi, tumekaa juu ya mzigo wetu kituoni, tukimngoja atuchukue. Nilikuwa na umri wa miaka mitano hivi. Mama aliingia kwa lango. Mimi nilipitishwa kwenye pengo la kayaba, nikakwaruzwa shingo, nikaambiwa nisilie. Sikulia. Nilikaa mle ndani karibu miaka miwili.

Sheria zilikuwa hizi. Kikohozi kikinishika, nitie uso ndani ya blanketi. Chooni niende memsaab akiwa ametoka na gari, au akiwa amelala baada ya chakula cha mchana. Maharagwe niliyochezea niyatupe juu ya gunia, si sakafuni, yasigonge. Kucheka, hapana. Mjukuu wangu aliwahi kuniuliza, "Kukhu, sasa ulikuwa unaplay wapi?" Nikamwambia kwenye gunia. Alicheka, akafikiri namtania.

Hiyo ndiyo adabu anayoililia mwenyekiti. Nilikuwa kimya kama mwizi anavyokuwa kimya. Na sikuwa peke yangu. Nyuma ya nyumba nyingi za barabara ile kulikuwa na chumba kama chetu, na ndani ya vingine mtoto mwenye uso ndani ya blanketi. Wapita njia walisema hapa ni mahali patulivu.

Hata nguo zangu hazikuonekana. Mama alifua za memsaab na kuzianika juani kwenye kamba ndefu iliyokatiza uwanja, mashuka na vitambaa vya meza, na watu walimsifu Mama kwa weupe wa nguo hizo. Zangu zilikauka ndani, juu ya jiko la makaa, kwa hiyo nilinuka moshi kutoka Jumatatu hadi Jumapili.

Kitu kimoja tu nilikitaka duniani, nacho ni Alhamisi. Alhamisi mchana Baba alipewa ruhusa. Alinipitisha kwenye pengo, akaniweka mabegani, tukashuka mpaka mjini, kwenye soko kubwa ambamo wapishi wa Wazungu walikutana na vikapu vyao kati ya maua na samaki waliolazwa juu ya barafu. Nje ya ule ua, Baba alikuwa mtu mwingine. Alicheka kwa sauti. Aliniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, na akiwaonyesha wenzake alisema, "Huyu ndiye amenizaa, msimguse." Mama, yule aliyenizaa mimi, alinionya mara nyingi: siku nitakapoonekana, mimi na yeye tutarudishwa nyumbani na Baba atabaki. Nilielewa. Nilikaza meno wiki nzima kwa ajili ya Alhamisi.

Ikawa memsaab amebadilisha mapazia. Yale ya zamani, ya samawati yenye maua meupe, alimpa Baba akayakate yawe matambara ya jikoni. Mama aliyaangalia, akakata matambara kumi, na kipande kilichobaki akanishonea gauni. Nadhani hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akifanya jambo la kijinga, na namheshimu kwa hilo kuliko kwa mashuka yote aliyoyapiga pasi.

Nilivaa gauni hilo sokoni. Mama mmoja muuza maua aliinama kunisalimia, akanusa, akamwambia Baba, "Na wewe mpishi, huyu mtoto unamkausha kama samaki?" Wapishi wote wakaangua kicheko. Baba pia alicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Alhamisi iliyofuata, asubuhi, Mama akiwa ndani ya nyumba kubwa akipiga pasi, nilichukua sabuni yake nikafua gauni langu mwenyewe. Nilisikia gari la memsaab likitoka. Kamba ilikuwa tupu na jua lilikuwa kali. Nikasema moyoni, litakauka kabla hajarudi, na leo sitanuka. Nilipanda juu ya ndoo nikalianika, nikaingia ndani kungoja nikiwa na shimizi tu.

Gari lilikuwa limempeleka mumewe kazini. Memsaab alikuwa varandani.

Nilipomwona akilivuta gauni langu kwenye kamba nilitoka. Sikufikiri, nilidhani ananinyang'anya. Nilisimama mbele yake juu ya nyasi, mahali ambapo mguu wangu haukuwahi kukanyaga. Alinitazama, akalitazama gauni, akalitambua pazia lake. "Mpishi!" aliita.

Baba alikuja na unga mikononi.

"Hii toto ya nani?"

Baba alinitazama. Mpaka leo naweza kuwaambia jinsi alivyonitazama: alinitazama hivyo hivyo kama alivyoyatazama yale matambara.

"Sijui, memsaab," alisema. "Toto ya barabara tu. Nafikiri imeiba kitambaa jikoni."

"Toa yeye nje."

Alinishika mkono juu ya kiwiko akanipeleka kwa lango, lango lenyewe, si pengo. Memsaab alitufuata nyuma na gauni mkononi. Sikumwita Baba. Nilikuwa nimefundishwa vizuri kuliko mtoto yeyote wa mwenyekiti. Alipolifungua lango nilimwambia kwa sauti, ili memsaab asikie, "Asante, mpishi." Nilijua namsaidia. Alifunga komeo.

"Mpishi mzuri sana wewe," nilimsikia memsaab akisema.

Nilisimama barabarani na shimizi yangu mpaka mchana, Mama alipotoka na mzigo, maana mle singeweza kurudi tena. Wiki hiyo hiyo tulikuwa ndani ya gari la moshi. Mama hakunipiga wala hakunilaumu. Baba alikuwa ameilinda kazi yake, na kwa mshahara huo nilisoma shule, nikawa mwalimu. Najua. Watu hupenda kunikumbusha hilo, kana kwamba sijui kusoma hesabu ya maisha yangu mwenyewe.

Alikuja likizo baada ya miaka miwili. Nilikuwa nimemngoja sana, kiasi kwamba nilijua hata nitakapoanzia kukimbia. Alipoingia uani na sanduku lake la mbao, Mama alinisukuma mgongoni: "Nenda umwamkie baba yako." Nilikimbia. Nilipomfikia nilisimama wima, nikanyoosha mkono, nikasema, "Hujambo, mpishi."

Mama alinizaba kofi. Sikuwa nalipiza kisasi, wala sikuwa natania. Ndilo neno lililotoka. Baba alimzuia Mama asinipige tena. Alivua kofia yake taratibu, kama alivyoivua mbele ya wageni wa memsaab, akaupokea mkono wangu. "Sijambo," alinijibu. Kisha akaomba maji ya kuosha miguu.

Alikaa wiki mbili. Kila siku niliketi karibu naye nikilitafuta lile neno jingine, Baba, na halikutoka. Akarudi kazini. Alipokufa nilikuwa mwalimu mkuu mwenye watoto wanne, na alikuwa bado hajalisikia.