Karatasi Juu ya Picha ya Babu

Nikiifungua albamu hii, harufu ya karafuu hunirudisha chumbani kwa Bibi, kwenye fleti yetu ya Karama. Bibi aliitia karafuu ili isiliwe na wadudu. Picha ya babu yake aliifunika kwa karatasi, akauacha uso tu.

"Mwamkie," aliniambia kila Ijumaa.

"Shikamoo, Babu."

Siku moja nikaibandua ile karatasi. Babu alikuwa na kitanzi shingoni. Mpiga picha wa jeshi la Wajerumani aliipiga picha hiyo wakati wa vita, kabla hawajamnyonga mbele ya watu.

Bibi hakunigombeza. Aliibandika tena karatasi kwa punje za wali.

"Hatuna picha yake nyingine," alisema. "Nilitaka umjue kwanza."

Karatasi imeshadondoka siku nyingi. Bado nauona uso kwanza, na namwamkia.