Njiwa wa Evere

Mimi nimezaliwa Tanga, na kwetu ndege wa kwenye shairi hawi ndege, huwa ni mtu. Kwa hiyo Mwanaidi, jirani yangu hapa Evere, Brussels, aliposimama kwenye sherehe ya Idi kughani shairi la njiwa anayetua kila roshani, akila na kubeba, kiini chake nilikishika mara moja: mimi. Mbona ananitazama? Mbona wenzake wanatabasamu? Ubeti wa mwisho ukanishinda.

“Si unitaje jina tu, Mwanaidi!”

Mwanaidi akakatiza shairi.

“Dada Rukia, ni njiwa. Wananichafulia roshani.”

Nikanyakua mkoba niondoke. Ukafunguka, na vikopo vyangu vitupu vya kubebea pilau vikabingirika hadi miguuni pake.