Siku Simu Yangu Ilipokataza Ndoa

Habari hii sipendi kuisimulia, na kama watu wa Beni wasingekuwa wameshaisimulia kabla yangu, tena kwa kuitia chumvi, ningeiacha ilale. Lakini imevuka imefika Butembo, imeingia hadi kwenye shule ninakofundisha, na juzi mwalimu mwenzangu aliniuliza mbele ya wengine, uso mkavu kabisa, “Mwalimu Paluku, ule chéri yako wa Beni anaendelea muzuri?” Basi acheni niiseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, jinsi simu yangu ilivyoikataza ndoa ya mdogo wangu Kasereka mbele ya kanisa zima.

Chanzo ni matangazo. Si yale ya kanisa, hayo nayapenda (mimi ndiye msomaji wa matangazo katika kanisa letu hapa Vulamba, mtaa wa Butembo, na sauti yangu, nisijisifu, inafika hadi barabarani bila mikro). Nasema yale matangazo ya simu, sisi tunayaita pub, yanayoruka juu ya kioo bila hodi wakati wewe unaandika ujumbe wako wa maana: mara dawa ya kupunguza tumbo, mara mchezo wa kupasua pipi, mara msichana usiyemjua anakuuliza kama umeshalala. Unatafuta kile kialama cha kufungia, ni kidogo kama punje ya mtama, na kidole changu ni kidole cha mtu aliyeshika jembe tangu utoto, kinaangukia pembeni, na pub inafurahi inakufungulia nyingine mbili. Nilikuwa nimefika mahali pa kuitukana simu kwa sauti, mimi mzee wa kanisa, na mke wangu ananisikia.

Siku moja, niko kwenye chumba cha walimu, ikaja pub ikaniambia: Simu yako ni chafu, imejaa virusi, umechoka na pub? Bonyeza hapa tuzimalize. Na mimi (hapa mnaweza kucheka) nikaiamini pub iliyoniahidi kumaliza pub. Nikabonyeza. Kikaingia kitu kinachojiita Nettoyeur, yaani msafishaji, na kabla ya kuanza kazi kikaniomba ruhusa kwa Kifaransa cha adabu: Autoriser? Nikabonyeza autoriser. Kikaomba tena, sijui kuonekana juu ya nini na nini, sikusoma, autoriser. Kikaomba mara ya tatu, autoriser. Mimi nimelelewa, mtu akikuomba ruhusa kwa heshima mara tatu huwezi kumjibu hapana, hapana, hapana, kama askari wa barrière ya barabarani. Kilisafisha dakika moja, kikaandika kwamba kimemaliza, na tangu siku hiyo pub zikaanza kusema kwa sauti.

Wakati huo Kasereka alikuwa amebakiza juma moja tu amuoe Masika, binti wa mtaa wa Mulekera, kule Beni, naye mwenyewe ni fundi wa simu (mlikumbuke hilo). Katika kanisa lao ndoa inatangazwa Jumapili tatu, na Jumapili ya tatu inasomwa barua ya kanisa la bwana harusi, inayoshuhudia kwamba kijana anajulikana, hana mke mwingine, hana mtoto aliyefichwa mahali. Kisha pasta anauliza kama kuna mtu mwenye neno. Barua isiposomwa, Jumapili zinaanza kuhesabiwa upya, na sisi tulikuwa tumeshakodi viti, mbuzi wameshafungwa, na wajomba kutoka Mabalako wameshapata ruhusa makazini. Baba yetu alishafariki, mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo barua ilikuwa mikononi mwangu.

Barua yenyewe ilikuwa nzuri, na mihuri miwili, nikaogopa itakunjana njiani au itanyeshewa, nikaipiga picha kwa simu na kuiacha mezani chini ya Biblia. Mke wangu aliniona.

“Paluku, ile telephone yako inasemaka yenyewe. Beba karatasi.”

“Mama Furaha, tuko mu dunia ya leo,” nikamjibu, nikatoka.

Jumapili asubuhi kanisa la Mulekera lilijaa. Kasereka na Masika wakaitwa mbele, Masika kichwa chini kama desturi inavyotaka, maana binti siku hiyo hasemi kitu. Benchi la kwanza alikaa baba yake, kofia juu ya goti, na pembeni yake shangazi wa Masika, Tante Kanyere, mwanamke ambaye siku ya kwanza tulipofika kwao kujitambulisha hakuitikia hata salamu kabla ya kumuuliza mdogo wangu, “Wewe ni mutoto wa nani?” Sasa alikuwa ananitazama mimi kama mtu anayechagua mbuzi. Simu niliiacha na mégas za intaneti zimewashwa, kwa sababu familia nzima ilikuwa inangoja picha kwenye WhatsApp, na sauti niliiacha juu kabisa, kwa sababu sijui, kwa sababu siku ya kuharibikiwa kila kitu kinakuwa tayari.

Barua ilikuwa ya Kifaransa, kama barua zote za bureau, nami nilikuwa nasoma mstari na kuugeuza papo hapo kuwa Kiswahili. Sisi kanisa la Vulamba tunamushuhudia ndugu yetu Kasereka. Amina. Ni kijana wa kazi na wa mwenendo muzuri. Amina. Nikashika mwendo, macho yanachukua Kifaransa, mdomo unatoa Kiswahili, na akili yangu yote (nakiri) iko kwenye utamu wa sauti yangu ndani ya mikro. Nikaendelea: “Hongera. Wewe ndiye umechaguliwa kati ya maelfu.” Amina hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. “Pokea zawadi yako leo, mbele ya saa sita ya usiku.” Amina moja tu, ya mzee aliyekuwa anasinzia.

Nikatazama kioo vizuri. Barua haikuwepo. Palikuwa na sanduku jekundu lenye utepe, linarukaruka.

Nikatafuta kialama cha kufunga, nikakikosa, likaja tumbo la mtu kabla na baada ya dawa, nikafunga hilo kwa bahati, likaja jingine, pasta anakohoa kwa upole. Nikampa Kasereka simu, nikamnong’oneza, “Ondosha hii kitu.” Pasta, mtu mwema ambaye alikuwa na mahubiri marefu yanamngoja, akaona atuokolee muda, akasema barua tutaimalizia baadaye kidogo, akaligeukia kanisa: “Kama kuna mutu iko na neno ya kukataza hii ndoa, aseme sasa.”

Kimya kikaingia, kile kimya ambacho hata watoto wanakiheshimu. Na ndani yake, mkononi mwa Kasereka, karibu kabisa na mikro, ikatoka sauti ya mwanamke, laini, ya Kifaransa cha redio: “Mon chéri, tu m’as oubliée? Je suis tout près. Je t’attends.” Yaani mpenzi wangu, umenisahau? Niko karibu kabisa, nakungoja. Wasiojua Kifaransa walitafsiriwa na jirani zao, niliisikia tafsiri inapita benchi kwa benchi hadi mlangoni.

Tante Kanyere akasimama, polepole.

“Pasta, umeuliza kama kuna mutu iko na neno. Mutu amesema.”

“Hii haiko telephone yangu,” akasema Kasereka, na ilikuwa kweli, lakini hivyo ndivyo anavyosema kila mwanaume aliyeshikwa. Baba yake Masika akachukua kofia kutoka gotini. Hakuivaa, aliishika tu, na mtu aliyeshika kofia amekaribia kuondoka. Nikaona ndoa ya mdogo wangu inatoka mlangoni kwa ajili ya ujinga wangu, moyo ukaniuma kweli, nikasema ndani ya mikro, “Ni telephone yangu miye.”

“Donc ule mwanamuke ni wako,” akasema Tante.

“Hapana, Tante. Hakuna mwanamuke. Ni pub.”

“Pub inakuitaka chéri?”

“Inaitaka kila mutu.”

Nyuma mtu akacheka, akanyamazishwa.

“Na bibi yako anajua?”

Sasa mimi ni mtu wa ukweli, na mke wangu kweli alijua, ndiye aliyenionya kuhusu ile simu, basi nikajibu bila kupima: “Anajua. Ndiye yeye alinikataza.” Kanisa zima likavuta pumzi.

Hapo ndipo Masika aliinua kichwa. Binti asiyetakiwa kusema neno siku hiyo akanyoosha mkono, akaichukua simu kwa mchumba wake, akakata mégas kwa dole gumba, na yule mwanamke akanyamaza katikati ya “mon chéri.” Akafungua paramètres, yaani mipangilio ya simu, akaingia kwenye orodha ya application, akashuka hadi zile zilizoingia mwisho, akasimama.

“Tante, hapana mutu. Ni hii. Inaitwa Nettoyeur.” Kisha akanigeukia mimi, ambaye kwake ni yaya, yaani kaka mkubwa. “Yaya, hii kitu uliipatia ruhusa ya kutokea juu ya zingine zote. Kwa sababu gani?”

Nikasema ukweli wa mwisho niliobakiwa nao.

“Iliomba na heshima.”

Basi kanisa likaanguka. Walicheka waimbaji, alicheka pasta nyuma ya Biblia yake, hata baba yake Masika alirudisha kofia gotini. Masika akainyang’anya Nettoyeur ruhusa zake zote, akaiondoa, akampelekea shangazi yake simu ikiwa na picha ya barua peke yake, safi, na mihuri yake miwili. Tante Kanyere aliitazama sana.

“Mwanamuke mwenye alijificha ndani mara moja anaweza kurudilia,” akasema.

Na pasta, kicheko kilipomwisha, akakubaliana naye. Barua ya ku telephone hataki tena. Nilete karatasi yenyewe kwenye maombi ya Jumatano mchana, la sivyo Jumapili tatu zinaanza upya. Ibada ilipoisha watu walijipanga mbele ya Masika, kila mmoja na simu yake mkononi, awaondolee wasafishaji wao (kumbe tulikuwa wengi), na mimi hakuna aliyenikaribia isipokuwa yule mzee aliyesinzia, ambaye alitaka kujua zawadi inapokelewa wapi.

Nikarudi Butembo siku hiyohiyo. Mke wangu alikuwa ameshasikia, sijui kwa nani. Hakunisema. Aliniletea barua ndani ya sachet ya plastiki, akaiweka mkononi mwangu, akafunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, akarudi jikoni. Heri angenisema.

Jumatano niliisoma yote, kutoka tarehe hadi muhuri, kidole chini ya kila mstari, bila utamu wowote wa sauti. Pasta akauliza kama kuna mtu mwenye neno. Tante Kanyere akasimama. Akaja hadi mbele, akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaigeuza, akautazama mgongo wake, akaiinua kuelekea dirishani.

“Hapa nyuma hakuna mutu?”

“Hakuna, Tante.”

“Basi baoane.”

Wakaoana Jumamosi. Mimi sikupewa kusoma kitu, na simu ilibaki kwenye mkoba wa mke wangu hadi keki ilipoisha. Nimeapa: barua ni karatasi, na karatasi inakaa mfukoni, ikunjane inavyotaka. Na simu yangu ikiniomba ruhusa sasa, hata iombe kwa heshima gani, sibonyezi kitu, naishika mbele ya uso wangu na kuiuliza kwanza kama alivyomuuliza Tante Kanyere mdogo wangu: wewe ni mutoto wa nani? Hadi leo hakuna application hata moja iliyonijibu.