Kidonge cha Chini ya Ulimi

Mume wangu hakuwa mtu wa kupenda maduka. Nikimnunulia shati alilivaa, nisipomnunulia alivaa la zamani, na kanzu zake za kufundishia zilikuwa tatu tu. Kwa hiyo alipoanza kusimama mbele ya kila dirisha la duka tunapopanda kwenda soko la Nakasero, nilidhani uzee umemletea tamaa.

Tulikaa Kisenyi, bondeni, katika nyumba aliyoachiwa na baba yake. Babu zake walikuja Buganda na misafara ya pwani, na Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya jikoni kabla hakijawa lugha ya kambi za askari. Alifundisha watoto wa mtaa Kurani barazani, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mimi. Jumamosi asubuhi tulipanda sokoni pamoja, na hiyo ndiyo ilikuwa starehe yetu. Mimi nilichagua nyanya na kugombana na wachuuzi, yeye alibeba kikapu na kuwaomba radhi nyuma ya mgongo wangu.

Sasa, hizo zilikuwa enzi za jeshi. Wahindi walikuwa wamefukuzwa na maduka yao yamegawiwa watu tuliowaita mafuta mingi, matajiri wa ghafla, ambao waliuza vilivyokuwemo wakaishia hapo. Nyuma ya vioo palibaki vumbi na rafu tupu. Na bado Mwalimu alisimama. Mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo, anatazama kwa makini kama mtu aliyekuja na pesa mfukoni. Zikipita dakika mbili tatu, tunakwenda hadi dirisha la pili, anasimama tena. Mimi nina haraka, mboga nzuri huisha mapema, na hasira zangu hazijawahi kukaa mbali. Siku moja nilimwuliza kama anahesabu inzi waliokufa mle ndani. Akacheka, akasema anakumbuka tu palivyokuwa zamani.

Nyumbani alikuwa akisema mara mojamoja kwamba kifua kinambana. Nikaamua ni riahi, gesi tu ya tumbo. Nikamchemshia tangawizi, nikamlaza, nikamsugua mafuta ya habasoda, na kifua kikapoa. Nilijisifu sana kwa dawa yangu. Kumbe kilichomponya ni kule kulala.

Jumamosi moja askari mwenye bunduki alivuka barabara akatujia. Tulikuwa mbele ya duka ambalo zamani liliuza nguo za kiume.

"Mzee, iko angalia nini hapa?"

Mwalimu akajibu kwamba anaangalia mashati. Askari akageukia kioo. Ndani palikuwa na hanga moja ya waya, basi. Wakati ule watu walichukuliwa kwa kisa kidogo kuliko hicho, na wote watatu tulilijua hilo. Nikasema neno la kwanza lililonijia mdomoni, na kwangu lilikuwa uongo mtupu:

"Tusamehe, afande. Mzee wangu ni mgonjwa."

Nikamgeukia Mwalimu nimkonyeze ajifanye mgonjwa. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Jasho limemsimama kwenye paji na asubuhi yenyewe ni ya baridi, na mkono wa kushoto ameubana kifuani. Mume wangu hakujua kuigiza, hajawahi kujua. Hata askari aliona, maana sauti yake ilishuka.

"Kama iko gonjwa, peleka hospitali. Hapa hapana simama."

Akaenda zake. Tukakaa kwenye ngazi za duka lile, na baada ya dakika chache rangi ikamrudia. Hapo ndipo aliponiambia. Ilikuwa miezi mitano sasa. Kila akipanda kilima, kifua kinabanwa kana kwamba mtu amekikalia, maumivu yanapita begani, yanashuka mkono wa kushoto, mara nyingine yanapanda hadi tayani. Akisimama, yanaondoka. Madirisha yalimpa sababu ya kusimama bila kuulizwa. Nilimkasirikia mno, na kwa hasira hizo hizo nikamshika mkono hadi nyumbani, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya barabarani.

Hospitalini tulimpata daktari mmoja wa wale wachache waliokuwa hawajaondoka nchini. Alimsikiliza Mwalimu kwa utulivu, akampima, kisha akatuuliza tunateka maji wapi. Tukamwambia bombani, mtaa mzima. Akasema basi tutamwelewa. Mshipa unaoulisha moyo wenyewe umekuwa mwembamba. Mtu akikaa, moyo hauna kazi kubwa, na damu kidogo inautosha, kama bomba letu kukiwa na ndoo moja tu. Akipanda kilima, au akikasirika, au akishiba kupita kiasi, moyo unafanya kazi zaidi na kudai damu zaidi, na mshipa hauwezi kutoa. Yale maumivu ni moyo kulalamika njaa.

Akampa vidonge vya kumeza mara tatu kwa siku, na vingine vidogo sana katika chupa ya kioo. Hivi vidogo ni vya maumivu yakija. Ukae kwanza, maana vinaleta kizunguzungu, uweke kimoja chini ya ulimi, usimeze. Dakika tano zikipita bila nafuu, weka cha pili, na kama bado, hospitali moja kwa moja, hakuna kungoja. Kisha akanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kufungua pindo la leso nifunge vichache humo, kama nilivyofunga kila kitu kilichokuwa adimu. Akasema vikitolewa kwenye chupa yake vinapoteza nguvu. Nikarudisha leso mahali pake.

Tukajifunza kuishi na moyo ule. Sokoni tukaanza kwenda kwa njia ndefu isiyo na mwinuko mkali, na nikakuta kwamba wachuuzi wa mwisho wa asubuhi wanapunguza bei, nikanyamaza kuhusu haraka. Samli ikapungua chunguni. Chupa ikikaribia kuisha, jirani yetu Mkenya aliyefanya kazi relini alituletea nyingine kutoka Nairobi, akakataa shukrani. Mwalimu akapata nguvu, na usiku alilala bila kuugulia. Nilikuwa na furaha, nasema wazi.

Lililonikera ni moja. Hakutaka mtu ajue. Alisema wazazi hawataacha watoto wao kwa mwalimu ambaye huenda akaanguka mbele yao. Maumivu yakimjia barazani, aliingia ndani kama mtu anayetafuta msahafu, akaweka kidonge, akatoka.

Kisha Ramadhani ikaingia. Daktari alikuwa amemkataza kufunga kabisa, kwa ajili ya vidonge vya mchana na kwa ajili ya tumbo tupu kujazwa kwa mkupuo jioni. Mwalimu aliitikia kwa heshima. Siku ya kwanza nikampikia uji wa mchana, nikaufunika, nikauacha chumbani. Magharibi nikaukuta umeganda. Siku ya pili hivyo hivyo. Nilimkabili. Akasema vidonge vitangoja jioni, kwamba hawezi kufundisha watoto saumu huku mdomo wake unanuka uji. Mtu huyu huyu alikuwa akizunguka mtaani kila mwaka kuwaambia wajawazito na wazee kwamba mgonjwa ana ruhusa, na wasione haya.

Siku ya nne nilikuwa ndani, nyuma ya pazia la baraza, nikichambua mchele. Nikamsikia akiwaambia watoto wasome wote pamoja, kwa sauti. Alifanya hivyo asipotaka kusema. Nikachungulia. Ameegemea ukuta, macho amefumba, mkono uko kifuani, na hakuinuka kuja ndani. Nikajua hawezi.

Nilitoka na chupa mkononi. Akatikisa kichwa, akinionyesha watoto kwa macho. Sikunong'ona.

"Mwalimu, ruhusa amekupa Mungu. Wewe unamkatalia nani?"

Kisomo kikakoma. Akawatazama watoto, akanitazama mimi. Kisha akafungua mdomo, nikamwekea kidonge chini ya ulimi mbele ya watoto ishirini. Tukakaa. Hakuna aliyecheka. Pumzi yake ikalegea kidogokidogo, mkono ukashuka kutoka kifuani, na hakuhitaji cha pili.

Alipoweza kusema, aliwaambia watoto: "Mwalimu wenu anaumwa moyo, na mgonjwa hafungi. Mkaseme nyumbani." Kisha akaniomba uji. Akaunywa palepale, na mimi nikakimbilia nyuma ya pazia nikalia juu ya mchele.

Kesho yake watoto walikuja wote. Na mchana akaja mzee wa nyumba ya tatu, mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye Ramadhani zote alikuwa akijikokota kwa kiu akidai hana neno. Akaomba kukaa na Mwalimu wanywe pamoja, barazani, si ndani. Nikawatilia vikombe viwili.

Jioni hiyo nilitandika mkeka kama kawaida. Tulikuwa na tende tatu tu, zawadi ya mtu. Mwalimu alikuwa amekula mchana, lakini alikuja akakaa mbele yangu, tende mkononi, hajaigusa. Nikamwambia kwa utani kwamba yeye hana cha kufuturu. Adhana ikaanza. Akanyoosha mkono akanilisha ile tende yeye mwenyewe, kisha ndipo akala yake.

"Miaka yote hii tumefuturu pamoja," akasema. "Kufunga sijafunga, lakini nimekungoja."