Chumvi ya Otieno na Nyongeza Yake

Nikisikia kijiko kikigonga jagi la plastiki, hugeuka kumtafuta anayepima. Naweza kuwa sokoni Kawangware nikibishania bei ya nyanya, na karibu nishinde, nikalipa bei aliyotaka muuzaji nikaondoka.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa mtaa wa Laini Saba. Mama aliuza maharagwe kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na alinifunza mapema kwamba kipimo kisicho na kilima ni wizi, na juu ya kilima lazima nyongeza. Siku hiyo mdogo wangu Otieno, wa miaka miwili, alianza kuhara maji matupu. Mama alitoka mbio kutafuta boda boda ya kumpeleka hospitali, akaniachia kazi: jagi la lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko.

Sukari niliihesabu mara mbili. Sita, ndiyo, sita. Lakini chumvi nusu kijiko, tena kwa mgonjwa? Hata adui humpimii hivyo. Nikajaza kijiko kikawa na kilima, kisha nikatia nyongeza.

Otieno alimeza mafunda matatu, akakataa. Nikambembeleza kama mteja: "Tano tu. Haya, mbili, twende." Alilia, na hakuna chozi lililotoka. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Nikahesabu pumzi zake, nikarudia, hesabu zikakataa kulingana.

Jirani yetu Mama Akinyi aliingia, akaonja, akatema.

"Wewe! Hii ni ya kukausha samaki wa omena ama ya mtoto?"

"Nimemwekea nyongeza."

"Nyongeza ya kaburi! Mwaga. Chumvi isizidi ile ya machozi."

Alipima upya, akikwangua kijiko kwa kisu. Tukamnywesha kidogo kidogo mpaka Mama akafika na boda boda.

Siku ya tatu Otieno aliitisha chapati.

Ni shuleni, miaka mingi baadaye, nilipoelewa. Utando wa kila seli una vijilango vya chumvi, vya kufunguka na kufungwa. Ugonjwa kama ule hukwamisha kijilango wazi. Chumvi inamwagika utumboni, na maji huifuata chumvi popote iendapo. Sukari huishika chumvi mkono, zikaingia pamoja kwa mlango mwingine usioharibika, maji yakizifuata. Kilima changu kilikuwa kikiyavuta maji nje ya mtoto.

Mama Akinyi alikufa bila kunisemea kwa Mama. Mama bado huwaambia wageni kuwa ni mimi niliyemwokoa Otieno, naye Otieno huniangalia kwa shukrani ambayo sijui niirudishe wapi.