Dumu la Masanja

Dumu tupu likigongwa hulia kama kifua cha mtu anayekohoa. Shule niliiacha darasa la sita, nikazurura Geita, Musoma hadi Bukoba kutaka kujua kila kitu, lakini nikisikia mlio huo kwenye baiskeli ya muuza maji, miguu yangu hukataa kwenda.

Nilikuwa na miaka tisa mtumbwi ulipotupindukia ziwani, mimi na Masanja, mtoto wa shangazi. Dumu lilikuwa moja. Nilifika nchi kavu nimelikumbatia. Masanja aliletwa kesho yake.

Tangu hapo sikuliachia. Nililala nalo, mchana nikalibeba mgongoni kwa kanga.

"Mama Dumu, mtoto kanyonya?" watoto wa mtaani walinipigia kelele. Leo hata mimi ningecheka.

Nyumbani watu wazima walikatazana kumtaja Masanja mbele yangu, ati nisahau. Nikiingia, wananyamaza. Nami nikaelewa jambo moja tu: wote wanaamini nilimnyang'anya dumu.

Kisha shangazi akaja kutoka Usagara kukaa kwetu. Nilijificha nyuma ya banda la kuku, nikijua amekuja kumdai mwanawe. Akanifuata, akachuchumaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona mtoto wako ananuka mafuta ya taa? Haogeshwi?"

Tukaliosha kwa mchanga na majani. Kesho yake tukalijaza bombani. Wiki iliyofuata tulifika kwenye mawe, ziwa likimetameta chini yetu. Hakuniuliza kitu. Aliimba tu zile nyimbo za kupalilia ambazo humtania kila aliyeko shambani, na humo akamtia Masanja: Masanja mvivu, Masanja mla viazi vya wenzake. Jina lile, kwa sauti, njiani!

Siku tuliyokanyaga maji, wiki ya tatu, nikamwambia.

"Dumu alinisukumia yeye. Akasema, shika, usiachie. Mimi nikashika, shangazi. Yeye nikamwacha."

Shangazi alikuwa akijaza dumu. Likafurika, naye akaendelea kujaza.

"Alikuambia ushike," alisema mwishowe. "Ukashika."

Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba shangazi alikuja kuniponya, na ni kweli. Lakini nilipopata mtoto wangu ndipo nilipoelewa lingine. Maneno ya mwisho ya mwanawe yalikuwa kwangu peke yangu. Alikaa na njaa ya kuyasikia wiki tatu nzima, akisubiri mimi nishibe kwanza.