Kisima cha Marehemu Baba

Mama yangu hakuamini kwamba maji ya kisima chetu cha Utange yangeweza kumdhuru mtu. Marehemu baba alikichimba kiwe sadaka. Mtaa mzima ulichota bure, na kila ndoo iliyojaa mama aliiona thawabu inayomfikia mumewe kaburini. Kukisema vibaya kisima mbele yake ilikuwa sawa na kumsema baba mwenyewe, nami nilikuwa na akili za kutosha kunyamaza.

Lakini watoto wa jirani walipozidi kuharisha, nilikwenda kumwita afisa wa afya aje apime maji. Akaja binti mmoja mpole, akaamkia, akaweka chupa yake ya kioo barazani, tukazunguka nyuma nimwonyeshe vyoo vya shimo ambavyo majirani wamekuwa wakivisogeza karibu na kisima kila wanapoongeza vyumba vya kupangisha.

Tuliporudi, chupa ilikuwa imefudikizwa juu ya chetezo, inafuka ubani. Chupa iliyotoka maabara safi kabisa, ambayo hata kidole hakitakiwi kugusa mdomo wake! Mama alituangalia kwa utulivu wa mtu aliyemsitiri mgeni. Alikolelewa yeye, mtungi hautiwi maji kabla ya kufukizwa, na hakuwa tayari maji ya mumewe yaende kwa watu hayanukii. Binti aliuma mdomo asicheke. Alitoa chupa nyingine, akaniomba nikae na mama mpaka amalize.

Majibu yalipotoka, maji yalikuwa na vijidudu vya chooni. Binti alieleza polepole kwamba yasinywewe, yatumike kufulia nguo tu, mpaka kisima kitiwe dawa na kupimwa tena. Vyoo vikibaki pale vilipo, huenda yasinyweke tena kabisa. Mama hakubisha. Nilitamani abishe. Aliuliza tu kama maji ya kufulia nayo yana thawabu. Binti akakiri kwamba hilo maabara hawalipimi.

Asubuhi nilimkuta mama amekaa kisimani kwenye kiti cha plastiki, bakora mapajani. Kila aliyekuja na dumu la maji ya kunywa alirudishwa. Jirani mmoja akamlalamikia kwamba wameyanywa miaka yote, na tena ni sadaka ya mzee.

"Ndiyo, sadaka yake," mama alisema. "Alitaka thawabu, mwanangu. Mimi simpelekei dhambi."